Maktaba ya chuo kikuu: ada tumelipa, je, vijana wetu wanaingia?

Kila mwaka, msimu wa kufungua vyuo unapowadia, mji wa Dodoma hupokea wageni wa aina moja. Huteremka katika stendi ya mabasi ya Nanenane na, tangu mwaka 2024, katika stesheni ya treni ya umeme, wakiwa na begi kubwa, godoro lililokunjwa, ndoo na bahasha ya vyeti. Wapo waliotoka Kondoa na Singida. Wapo wa Tanga, Kigoma, Unguja na Pemba. Nyuma ya kila mmoja ipo familia iliyouza alizeti au mbuzi, au iliyokopa kwa jamaa, ili safari hiyo iwezekane. Katika hesabu ya familia hiyo vimo vitu vingi: ada, chumba, chakula, nauli, simu. Maktaba haimo.

Kwa nini haimo? Kwa sababu wengi wetu hatukuikuta tulikosoma, na mtu hawezi kumuusia mwanawe jambo ambalo yeye mwenyewe hakulijua. Wiki hii, katika ukurasa wetu wa familia, tumeona tuifungue milango ya nyumba hiyo, tuonyeshe kazi inayofanyika ndani yake kutwa na jioni, na hasara anayoipata kijana anayepita nje yake kwa miaka mitatu.

Kisa cha binti wa Kondoa

Binti wa jamaa zetu, kutoka kijiji kimoja cha wilaya ya Kondoa, alijiunga na chuo kimoja cha hapa Dodoma akiwa na alama nzuri za kidato cha sita. Katika shule aliyosoma hapakuwa na maktaba. Vitabu vilikaa kwenye kabati ndani ya ofisi, na kabati lilikuwa na kufuli. Alisoma kwa daftari, kwa ubao na kwa bidii yake, na akafaulu.

Wiki chache baada ya kuanza, alipewa zoezi la kwanza: aandike kurasa tano na aonyeshe marejeo. Neno hilo la mwisho hakulielewa, na aliona haya kuuliza. Akafanya kama walivyofanya wenzake. Alinunua desa katika kibanda cha fotokopi, akafungua simu, akachukua aya kutoka huku na huku, akaziunganisha na kuzikabidhi. Karatasi ilirudi na sifuri, na chini yake maelezo mafupi kwamba kazi ile ni ya watu wengine.

Hakumwambia baba yake. Kwa wiki mbili alikuwa akihesabu nauli ya kurudi nyumbani. Jioni moja umeme ulikatika hosteli, akaingia maktaba kutafuta mahali pa kuchaji simu. Mkutubi aliyekuwa zamu, mama wa makamo, alimuuliza anatafuta kitu gani. Binti hakuwa na jibu. Mama yule akaomba kuiona karatasi iliyokuwa mkononi mwake, akaisoma, kisha akamuuliza kama amepata kusoma madrasa.

Alikuwa amesoma. Basi, akaambiwa, jambo hili unalijua tangu utotoni. Ustadhi wako aliposoma hadithi hakuanza na maneno yenyewe. Alianza kwa kutaja nani kapokea kutoka kwa nani. Hiyo ndiyo isnadi. Chuo kikuu nacho hakitaki zaidi ya hapo: ukichukua neno la mtu, mtaje mwenyewe na mahali ulipolipata, kisha useme na lako. Asiyemtaja anakuwa amechukua amana ya watu bila idhini.

Maelezo yale hayakuchukua saa nzima. Binti aliandika zoezi upya, mhadhiri wake akakubali kulisoma tena, na leo yuko mwaka wa tatu. Wanaopatwa na mkasa kama wake ni wengi. Wachache ndio wanaokutana na mkutubi kabla hawajakata tamaa.

Juu ya kilima cha Chimwaga

Dodoma ilipochaguliwa kuwa makao makuu ya nchi mwaka 1973, haikuwa mji wa vyuo vikuu. Hali hiyo ilibadilika mwaka 2007, Chuo Kikuu cha Dodoma kilipoanzishwa katika vilima vya Chimwaga, mashariki ya mji, kikianzia katika ukumbi uliojengwa na Chama cha Mapinduzi kwa ajili ya mikutano. Makamu mkuu wake wa kwanza alikuwa Profesa Idris Kikula. Azma iliyotangazwa tangu mwanzo ilikuwa kubwa: chuo chenye uwezo wa kupokea wanafunzi 40,000. Mwaka huohuo wa 2007 Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana nacho kilifungua milango, na vyuo vya Mipango, Biashara na Serikali za Mitaa vikaendelea kukua kando yake.

Anayekipanda kilima hicho kwa mara ya kwanza hushangazwa na ukubwa wake. Chuo kimegawanywa katika ndaki: ya elimu, ya insia na sayansi za jamii, ya kompyuta, ya afya na nyinginezo, na kutoka ndaki moja hadi nyingine ni safari ya daladala. Kwa sababu hiyo huduma za maktaba nazo zimesogezwa kwenye ndaki, badala ya kukusanywa katika jengo moja la katikati. Mzazi na alijue hilo mapema: kijana anayesema kuwa maktaba iko mbali, pengine bado hajaijua iliyo karibu yake.

Kabla kitabu hakijafika rafuni

Anayeingia maktaba huona vitabu vimesimama kwenye rafu, naye hudhani vimepangwa kama duka linavyopanga bidhaa. Kazi iliyotangulia haionekani. Kitabu kipya hufika kikiwa kimenunuliwa kwa maombi ya wahadhiri, au kimetolewa kama zawadi. Kwanza huandikwa katika daftari la mali ya chuo na kupigwa muhuri. Kisha hukabidhiwa kwa mtaalamu wa uainishaji, ambaye hukifungua, husoma dibaji na yaliyomo, na kuamua kinahusu nini hasa. Uamuzi huo hugeuzwa kuwa namba, namba ikabandikwa kwenye mgongo wa kitabu, na habari zake zikaingizwa katika orodha ya kompyuta.

Namba ile ni anwani ya nyumba. Katika mfumo wa Mmarekani Melvil Dewey, uliochapishwa mara ya kwanza mwaka 1876, elimu yote imegawanywa katika mafungu makuu kumi, na vitabu vya Uislamu hukaa kwenye 297. Katika mfumo wa Maktaba ya Bunge la Marekani, ambao vyuo vikuu vingi huufuata, vitabu hivyohivyo hukaa chini ya herufi BP. Kijana anayeijua anwani hukifikia kitabu kwa dakika moja. Asiyeijua huzunguka rafu nusu saa, kisha huondoka akisema kuwa kitabu hakipo.

Kazi hii si ngeni katika historia yetu. Mwaka 377 Hijria, sawa na 987 Miladia, Ibn al-Nadim, mtu wa Baghdad aliyeishi kwa biashara ya vitabu, aliandika Fihrist: orodha ya vitabu vya Kiarabu alivyovijua, vya dini, lugha, historia, falsafa, tiba na hata hekaya, akavigawanya katika makala kumi. Neno hilohilo ndilo lililotufikia Waswahili tukaliita faharasa. Katika pwani yetu nako masharifu na mashekhe walikuwa wakiandika ndani ya vitabu vyao kwamba ni wakfu kwa ajili ya wanafunzi. Vitabu vya aina hiyo vimehifadhiwa katika msikiti wa Riyadha, Lamu, na vimekwisha kupigwa picha za kidijitali ili visipotee.

Tukirudi Dodoma, huku nyanda za juu kitabu kina adui wake. Pwani, unyevu hukiotesha ukungu. Hapa miezi ya kiangazi ni mirefu, upepo hauna simile na vumbi jekundu hupenya hata penye dirisha lililofungwa. Ndiyo maana kazi ya kwanza ya asubuhi, kabla mwanafunzi hajaingia, ni kitambaa na ufagio. Baada yake hufuata kazi ya kurudisha mahali pake kila kitabu kilichoachwa mezani jana, kwa kuwa kitabu kilichowekwa rafu isiyo yake ni sawa na kilichopotea.

Dawati la kuazima

Mlango ukifunguliwa, wanafunzi huonyesha vitambulisho, huacha mabegi mlangoni na kutawanyika. Kazi ya dawati huanza. Huyu anaazima, yule anarudisha, mwingine amechelewesha na anadaiwa faini. Vitabu ambavyo darasa zima linavihitaji huwekwa nyuma ya kaunta na kuazimwa kwa saa chache tu, ili kimoja kiwatumikie wengi. Wiki za mitihani, foleni ya vitabu hivyo huanza asubuhi na mapema.

Hapa pana jambo ambalo wazazi tunapaswa kulijua. Kila kitabu kilichoazimwa ni deni lililoandikwa. Mwanafunzi anapomaliza masomo, huzunguka na fomu ya kukamilisha taratibu za kuondoka, na maktaba ni miongoni mwa ofisi zinazotakiwa kuisaini. Tunamfahamu kijana aliyemwazimia mwenzake kitabu kwa jina lake mwenyewe. Mwenzake akahama na kitabu, na kijana wetu akashindwa kuchukua cheti mpaka alipolipa thamani yake, siku ambazo ajira aliyoiomba ilikuwa ikimsubiri. Kuazima kwa jina lako kwa ajili ya mtu mwingine ni kumdhamini. Na udhamini, kama tunavyofundishwa, ni jambo zito.

Desa na kitabu

Mshindani mkubwa wa maktaba ni desa. Tulieleze kwa ajili ya wazazi: desa ni muhtasari wa mhadhara au sura chache za kitabu zilizotolewa fotokopi, zikabanwa kwa pini na kuuzwa kwa bei nafuu. Vibanda vyake havikosekani karibu na hosteli. Hatusemi kuwa desa ni haramu, wala hatumlaumu kijana mwenye elfu mbili mfukoni anayelinunua. Lakini desa lina ugonjwa wake. Aliyelinukuu mara ya kwanza pengine alikosea, na kosa hilo hurithiwa mwaka hadi mwaka. Tena halisemi lilitoka wapi. Ni habari isiyo na isnadi.

Aliyesoma kwa desa peke yake anaweza kufaulu mtihani. Hujulikana mwaka wa tatu, anapotakiwa kufanya utafiti wake mwenyewe, na hujulikana zaidi kazini. Tabibu, mwalimu au mhasibu aliyejifunza kwa kukariri muhtasari wa mtu mwingine atawahudumia watoto wetu kwa muhtasari huohuo. Hapo hasara huvuka mipaka ya familia moja, ikawa ya umma.

Ifahamike pia kwamba wanaopata mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu hupewa, pamoja na fedha za kujikimu, fungu la vitabu na viandikwa. Wanafunzi huziita zote kwa jina moja, bumu, na zikiingia pamoja huondoka pamoja. Kijana anayeanzia maktaba hujua ni kitabu gani hakipatikani humo na kinastahili kununuliwa. Asiyeanzia maktaba hununua simu.

Vitabu visivyoshikika

Maktaba ya leo ina rafu nyingine ambazo macho hayazioni. Makala za kitaalamu huchapishwa katika majarida ambayo mtu wa kawaida akitaka kusoma moja tu hudaiwa makumi ya dola. Vyuo vya nchi kama yetu huzipata kwa njia za ushirikiano. Mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani pamoja na wachapishaji wakubwa walianzisha mpango wa HINARI wa majarida ya tiba, na mipango ya kilimo, mazingira na sheria ikafuata. Yote leo hujulikana kwa jina la Research4Life, na taasisi za Tanzania zimo miongoni mwa zinazonufaika. Maktaba za vyuo vikuu nchini nazo zimeungana ili kugharimia hifadhidata kwa pamoja.

Ufunguo wa hazina hiyo ni jina la mtumiaji na nywila, ambavyo mwanafunzi hupewa bure. Hata hivyo wengi huhitimu bila kuviomba. Hutafuta kila kitu katika simu, hukutana na ukurasa unaodai malipo, hukata tamaa, hurudi kwenye desa. Ndiyo maana wakutubi hutenga siku za mafunzo mwanzoni mwa mwaka: namna ya kutafuta, namna ya kupima kama chanzo kinaaminika, namna ya kuandika marejeo. Mafunzo hayo hayana mtihani, hivyo wanafunzi wengi huyakwepa. Kwa maoni yetu hakuna saa mbili zenye faida zaidi katika mwaka wa kwanza.

Kwa mwanafunzi asiyeona faida ni kubwa zaidi. Kitabu cha karatasi hakimsemeshi, na si kila kitabu kimechapishwa kwa nukta nundu. Lakini kitabu kilichomo ndani ya kompyuta huweza kusomwa kwa sauti na programu maalumu. Mojawapo, iitwayo NVDA, hutolewa bila malipo, na walioianzisha mwaka 2006 ni vijana wawili wa Australia ambao wenyewe hawaoni. Familia yenye mtoto wa aina hii isikae kimya: iulize chuo, na iulize maktaba, ni msaada gani unaopatikana, tena kabla ya muhula kuanza.

Usiku na swala

Wazazi wa mabinti hutuuliza mara nyingi kuhusu usiku. Swali hilo ni la haki. Maktaba za vyuo hukaa wazi baada ya jua kuzama, na njia za kilimani ni ndefu. Ushauri wetu ni mwepesi: mabinti wapange kwenda na kurudi kwa kundi, wajue saa ya daladala ya mwisho, na kazi inayohitaji kitabu cha kaunta waifanye mchana, wakibakisha usiku kwa kusomea chumbani walichokwisha kukiazima. Kumkataza binti maktaba kwa hofu ya usiku, huku kaka yake akiruhusiwa, ni kumpa nusu ya elimu kwa ada kamili.

Na swala isiwe kisingizio cha kukimbia kitabu, wala kitabu kisiwe kisingizio cha kuikimbia swala. Kijana aliyepanga siku yake kwa vipindi vitano anayo ratiba tayari. Baina ya Adhuhuri na Alasiri pana muda wa kutosha sura moja ya kitabu, na katika Ramadhani saa za asubuhi, akili ikiwa bado safi, ndizo za kuthaminiwa.

Familia ifanye nini

Kwanza, mwanao akipiga simu wiki ya kwanza, pamoja na kumuuliza amekula nini, muulize kama amejiandikisha maktaba na kama amehudhuria mafunzo yake.

Pili, kila mwezi muulize jina la kitabu kimoja alichokisoma na jina la aliyekiandika. Si lazima wewe ukijue kitabu hicho. Swali lenyewe linatosha kumwonyesha kuwa nyumbani wanalijali jambo hilo.

Tatu, anzeni mapema. Tanganyika ilitunga sheria ya huduma za maktaba mwaka 1963, na Maktaba Kuu ya Taifa ikafunguliwa Dar es Salaam na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967. Kutoka hapo zilienea maktaba za mikoa, na Dodoma inayo yake. Mtoto wa darasa la tano aliyezoea kuingia humo wakati wa likizo hatatetemeka mbele ya mkutubi atakapofika chuo kikuu.

Nne, anayetaka kutoa wakfu wa vitabu, na thawabu zake ni kubwa, aulize kwanza maktaba inahitaji nini. Sanduku la vitabu vilivyopitwa na wakati ni mzigo kwa anayepokea. Kitabu kimoja cha kiada ambacho darasa zima linakipigania ni sadaka inayoendelea.

Tano, tuwaheshimu wakutubi. Hiyo ni taaluma inayosomewa. Bagamoyo kipo chuo cha ukutubi na uhifadhi wa nyaraka, na vijana wetu wenye subira na utaratibu wanaweza kuifikiria kazi hiyo kama wanavyofikiria ualimu na uuguzi.

Yule baba wa Kondoa alikuja Dodoma mwaka jana kwa matibabu. Binti yake alimwombea ruhusa mlangoni, akamwingiza maktaba, akamweleza mkasa wote wa sifuri aliouficha miaka miwili. Mzee alisikiliza bila kusema neno. Kisha akaomba aonyeshwe dawati la yule mama, na alipolifikia alimshukuru kwa maneno machache ya watu wa Kondoa, yaani kwa kumshika mkono muda mrefu. Walipotoka alimwambia mwanawe kuwa ada alikuwa akiilipa kila mwaka, asijue kwamba ndani yake imo na nyumba ile.

Sasa tunajua. Tunamuomba Allah awafungulie vijana wetu milango ya elimu yenye manufaa, na awajaalie ujasiri wa kuingia na kuuliza. Amin.